Siku Ishirini na Moja za Tusekile

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, baba mkwe wake alipotokea kwenye kona ya barabara, Tusekile aliacha cherehani barazani, akajitanda khanga hadi usoni na kukimbilia stoo ya duka. Kwa Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe. Naye Mzee Anyitike akishakaa kwenye baraza la duka la Jailos, pale Mbeya mjini, haondoki hadi jua lizame.

Ndiyo maana mwezi wenye siku ishirini na sita za kazi ulimpa Tusekile siku kumi na nane tu za kushona, gauni moja kwa siku. Mumewe, Asukile, alikuwa Chunya akitafuta dhahabu, mwaka wa pili sasa bila barua. Cherehani ilikuwa ya Saulo, aliyetaka shilingi ishirini na saba kila mwisho wa mwezi. Zikipungua hata senti, angeipeleka Iringa kwa fundi mwingine, na Tusekile angerudi kulima shamba la wakwe.

Ijumaa hiyo, kesho yake mwezi wa kwanza wa malipo ukianza, akiwa amebanwa kati ya magunia ya maharage, alitoa chaki yake ya fundi, akaandika kwenye sanduku la sabuni kama walimu wa misheni walivyomfundisha. Bei ya kushona gauni aliiita b. Uzi na vifungo vilikula senti hamsini.

18 × (b − 0.50) ≥ 27

Akagawanya pande zote mbili kwa kumi na nane: b − 0.50 ≥ 1.50. Akajumlisha: b ≥ 2. Bei isipungue shilingi mbili, basi. Lakini fundi wa karibu na kituo cha mabasi alishona kwa shilingi moja na senti themanini, na hakuna mwanamke ambaye angempa Tusekile zaidi ya hapo.

b ≤ 1.80

Alitafuta namba ya kutimiza yote mawili. Haikuwepo.

Akafuta. Akaiacha bei palepale kwenye moja na themanini, akatafuta siku. Faida ya gauni moja ni 1.30; ishirini na saba kugawanya kwa hiyo inazidi ishirini kidogo, basi siku zisipungue ishirini na moja. Zilikosekana tatu tu! Akamwita Lea, mke wa Jailos, kwa kunong'ona.

"Dada, nisaidie. Mwombe baba aje mara moja kwa wiki."

"We! Nimfukuze mkwe wako na kikombe kikiwa mkononi?" Lea alicheka, lakini alikwenda. Tusekile akatega sikio ukutani.

"Mara moja?" Sauti ya mzee ilipanda. "Mwanangu yuko Chunya, mkewe kakaa barabarani, kila mpita njia anamsalimia, halafu mimi nipunguze siku? Mwambie kuanzia kesho nakuja kila siku."

"Sasa atashona saa ngapi, Mzee?"

"Kwani huko aliko cherehani haiingii?"

Tusekile aliitazama stoo. Ilikuwa na dirisha moja, la kupitisha mkono. Ishirini na sita ni zaidi ya ishirini na moja. Hesabu ilikubali.

Jailos na Lea waliiingiza cherehani asubuhi iliyofuata.

Mwisho wa mwezi Saulo alipokea ishirini na saba zake, na Tusekile akabakiwa na shilingi sita na senti themanini.

"Mwezi ujao unaendelea?" Saulo aliuliza.

Nje, mzee alikohoa.

"Naendelea," Tusekile alisema, akainama dirishani apate kuliona tundu la sindano.