Maziwa Yaliyomponza Mama Bosire

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, kule kwetu karibu na Nyamache, baba alinunua ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Kabla ya hapo maziwa yalikuwa haba nyumbani. Kidogo tulichopata kwa jirani kiliishia kwenye chai. Sasa kila asubuhi mama alinijazia kikombe kizima cha maziwa ya moto, ninywe kabla ya kwenda shule. Kufikia saa nne tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, linanguruma mpaka mwenzangu wa dawati anacheka, na mara nyingi nilikimbia chooni mwalimu akiwa katikati ya hesabu.

Nyanya, mama yake baba, hakuchukua muda kujua sababu. Kwetu wapo wanaoamini kwamba kuna watu wenye jicho. Mtu wa aina hiyo akimtazama mtoto au chakula chake na kupendezwa, mtoto hudhurika, hata kama mwenyewe hakukusudia. Na asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe changu, alikuwa akipita jirani yetu, Mama Bosire, na kikapu chake cha kuchumia majani chai mgongoni. Alikuwa mcheshi, hakuweza kupita bila kusema neno.

"Moraa, unakua kama mgomba!" alinitania siku moja.

"Umesikia?" Nyanya akamwambia mama alipokwisha kupita. "Ndiye huyo."

"Mama, sisi ni watu wa kanisa," mama alisema.

"Na mimi ni wa wapi? Nimeomba, na mtoto bado anaharisha."

Nyanya alipiga marufuku kikombe. Sehemu yangu ya maziwa ikawa inamiminwa kwenye kibuyu chake, alichokisugua ndani kwa mkaa, ikakaa humo siku kadhaa hadi ikaganda na kuwa mala. Jicho, alisema, haliwezi kupita kwenye shingo ya kibuyu. Nilikula mala hiyo kwa ugali wa wimbi, ndani ya nyumba, nikiwa nimeupa mlango mgongo. Tumbo likatulia. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, sikukimbia chooni hata mara moja. Ushahidi gani tena uliohitajika?

Siku moja tulikuwa kwenye banda la kupimia majani chai. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao, nami nimemshika Nyanya kanga. Mama Bosire alituona, akatabasamu, akafungua mdomo anisalimu.

"Mama Bosire," Nyanya alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "ukimwona mjukuu wangu, tazama kando."

Foleni nzima iligeuka. Mama Bosire alisimama pale na tabasamu ambalo halikujua pa kwenda. Sabato iliyofuata, kanisani, nilimwona mama mmoja akimfunika mtoto wake uso kwa shali Mama Bosire alipopita kati ya mabenchi. Haikuchukua muda akawa anakaa benchi la mwisho, na kwenda shambani akawa anazungukia njia ya mtoni, iliyokuwa na utelezi na ndefu mara mbili.

Jambo hili ningelisimulia kama kisa cha ushamba wa zamani, nikacheka, lau lingeishia hapo. Lakini mwaka huohuo Mama Bosire alikwenda Suneka kumuuguza dada yake, akakaa huko karibu mwezi. Mimi nilikuwa nimeikumbuka ladha ya maziwa ya moto. Alasiri moja, watu wote wakiwa shambani, nilijichotea kwenye sufuria vikombe viwili, nikanywa haraka haraka. Kabla hawajarudi nilikuwa nimejikunja kitandani.

"Umekula nini?" Nyanya aliniuliza.

"Sijakula kitu."

Nilijua nikitaja maziwa nitachapwa. Nilijua pia, kwa akili yangu ya miaka minane, kwamba Mama Bosire hakuwepo kijijini. Nyanya naye alilijua hilo, maana aliketi ukingoni mwa kitanda akafikiri kwa muda. Kisha akasema, "Jicho lake linafika mbali kuliko nilivyodhani." Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha kumtia shaka. Sikulisema.

Nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikafungua duka la vitambaa mjini Kisii. Nilirudia chai ya maziwa kama watu wote, na tumbo likanifuata kote huko. Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo, dawa za amiba, dawa za minyoo. Kisha daktari mmoja kijana akaniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: ninakula nini, na baada ya saa ngapi naanza kuumwa. Aliniambia niache maziwa kwa wiki mbili. Tumbo likanyamaza. Akanieleza kwamba maziwa yana sukari yake, na miili ya watu wengi wazima, na ya watoto wengine pia, haiwezi kuisaga vizuri. Yakiganda, sehemu ya sukari hiyo huliwa na vijidudu vya mala, ndiyo maana mala huvumilika.

Siku hizi sipati shida. Nakunywa chai ya rangi, au ya maziwa kidogo nikiwa nimeshiba. Mala nakula bila hofu. Nikialikwa mahali nauliza kwanza kama mboga ya saga, yaani mgagani, imepikwa kwa maziwa, maana kwetu mboga chungu hulainishwa hivyo, na mwenyeji asipoulizwa hasemi. Nikisahau, nalipa kwa usiku mmoja wa kujikunja, basi.

Nyanya alikuwa ameshafariki nilipoyajua haya. Nilikwenda Nyamache Jumapili moja na binti yangu wa miezi sita, nikamkuta Mama Bosire uani akipukuchua maharagwe. Nilimweleza yote: sukari ya maziwa, vikombe viwili vya wizi, kunyamaza kwangu. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Mwanzoni nilijua si mimi," alisema mwishowe. "Lakini mwanangu, watu wakikufunikia watoto miaka ishirini, nawe unaanza kujishuku. Bosire alipopata mtoto wa kwanza, nilimbeba macho yangu yakiwa ukutani."

Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe, nilikuwa mtoto. Kisha nikamwekea binti yangu mapajani. Alimshika vizuri, kama mtu aliyelea wengi, lakini ilichukua muda kabla hajamtazama usoni.

Simlaumu Nyanya kwa kibuyu chake. Dawa yake ilikuwa sahihi, na mpaka leo ndiyo ninayotumia. Alikosea mtu, na mimi pekee ndiye niliyeweza kumrekebisha. Sabato iliyofuata nilirudi Nyamache, nikawasimulia akina mama nje ya kanisa. Wengi walitikisa kichwa kwa huruma, wawili wakakumbuka matumbo ya watoto wao. Lakini Mama Bosire alipotoka na fimbo yake na kupita karibu nasi, mmoja wao, aliyekuwa amenisikiliza tangu mwanzo, alivuta shali juu ya uso wa mtoto wake. Nadhani hata hakujua kwamba mkono wake umefanya hivyo.