Jina Nililoandika Kwenye Msalaba wa Devota

Hili jambo naona aibu kulikumbuka hata nikiwa peke yangu, lakini mmeniuliza kwa nini nikishika brashi siku hizi nazima simu, basi kaeni niwaambie, na mkicheka sitawalaumu, ingawa mimi mwenyewe sijawahi kulicheka.

Kazi yangu pale Ihembe mnaijua, kuandika mabango na kuchora kuta za maduka, na mnajua navyopenda filamu na vitabu (mke wangu husema ningeoa kitabu tu). Shida ilikuwa muda. Asubuhi niko shambani kwenye migomba na kahawa, mchana rangi, jioni nikifungua kitabu nasinzia ukurasa wa pili, na mchoraji asiyetazama wala kusoma kitu hukauka, nikawa nachora kikombe kilekile cha chai kwenye kila mgahawa. Nikajipa akili: kwa nini nisitazame huku nafanya kazi? Nikaegemeza simu kwenye kopo la rangi, na kwa wiki kadhaa mambo yakaenda vizuri kabisa.

Ndipo akaja Mzee Simeoni wa Nyakasimbi. Binti yake Devota, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, yeye na mtoto. Mzee alileta msalaba wa mbao, akanitajia jina polepole, akakaa nje kusubiri. Mazishi yalikuwa saa nane mchana uleule.

Ningezima simu. Lakini filamu ilikuwa imebaki kidogo, na mwanamke mmoja ndani yake, Rozalia, alikuwa mahututi, nami nilitaka kujua kama atapona. Nikaandika huku nasikiliza, machozi yakinilenga (kwa ajili ya Rozalia, sio Devota, Mungu anisamehe). Rozalia akafa, nikamaliza herufi ya mwisho, nikaanika msalaba juani bila hata kuusoma, kisha nikaufunika kitenge kabla Mzee hajauona, akaondoka nao kwa pikipiki, nami nikafuata kuzika.

Pale kaburini mwinjilisti akaufunua, akasoma kwa ile sauti yake nzuri: "Hapa amepumzika Rozalia Simeoni."



"Rozalia ni nani tena?" shangazi mmoja akanong'ona, na mwingine akadakia, "Kumbe Mzee ana binti wa nje ya ndoa huko Kimuli?" Neno hilo likaruka mtu hadi mtu mpaka likamfikia Mama Devota, akamgeukia mumewe, mbele ya kaburi la mtoto wao, akamtazama kama anamuuliza.

Nilipaswa kusema kosa ni langu. Badala yake nikachomoa kitambaa changu cha kufutia rangi, chenye petroli, nikarukia msalaba na kuanza kufuta, rangi nyeusi ikasambaa kama masizi, ikanipaka mikono, ikamchafua mwinjilisti kanzu, nami nazidi kusugua tu.

"Acha, waitu, mwenzetu," Mzee akasema, akanishika mkono. "Acha tu."

"Ni kosa langu!" nikapaza sauti. "Rozalia ni wa kwenye filamu!"

Mtu mmoja akacheka. Mmoja tu, akajizuia haraka, lakini tulimsikia wote.

Mama Devota akaketi chini kwenye udongo. "Mwanangu amekufa," akasema, "na wewe ulikuwa unatazama sinema?"

Devota akazikwa chini ya msalaba wenye doa, usio na jina.

Baada ya siku nne nikapeleka mwingine. Mama Devota alinipokea kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani kwao, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Mimi sikusoma," akasema. "Nisomee."

"Devota Simeoni."

"Tena."

Nikasoma tena. Akanitaka nisome mara ya tatu, akitazama mdomo wangu, sio mbao, kisha akasema, "Haya. Kausimike."

Filamu na vitabu nimevitengea Jumapili mchana, karakana ikiwa imefungwa, na wiki nyingine hata hiyo Jumapili haipatikani, basi nakosa. Na akija mtu na msalaba simuulizi jina kwanza. Namwambia, keti, niambie alikuwa mtu gani, naye anaongea, wengine wanalia, nami siigusi rangi mpaka amalize.