Kilio cha Mwimbaji wa Kantri

Juzi hapa Columbus, nikisubiri gari langu libadilishwe oili, redio ya gereji ilipiga gitaa lile la muziki wa kantri wa Kimarekani linalolia kama mtu aliyebanwa pua. Nikacheka peke yangu. Fundi akaniangalia kwa wasiwasi. Ningeanzia wapi kumweleza habari za kilio chetu cha Louisville?

Baba alizipenda nyimbo hizo tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, kutoka kwenye kanda za jirani, kabla hajajua neno moja la Kiingereza. Tulipofika Amerika, mjini Louisville, nikaanza kumtafsiria, nikagundua kwamba karibu zote zinahusu mwanamume aliyeachwa na mke, au mbwa, au lori. Nilidhani atavunjika moyo.

"Bon," alisema, "nilijua ni mambo ya maana."

Miaka ile waimbaji wake wazee walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine. Jumamosi moja redio ikatangaza kwamba yule aliyempenda kuliko wote ameaga. Baba alirudi kutoka kazini ghalani, hakula, akatoa viti vyote nje, akaweka redio dirishani, akakaa kimya.

"Alikuwa anakujua?" nilimuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na nilihoji kila kitu, hata sala ya chakula.

"Hapana."

"Sasa unamlilia nini?"

"Unauliza kama polisi wa mpakani. Kaa."

Kosa lake lilikuwa viti. Kwa sisi Wakongo wa South End, mtaa wetu pale Louisville, viti vikitoka nje na mwenye nyumba akanyamaza, pana msiba, na hakuna anayesubiri kupigiwa simu. Mama Furaha wa kanisani aliviona akiwa ndani ya basi. Muda si mrefu akina mama wakafika, vitenge viunoni, masufuria ya sombe, yaani kisamvu, mikononi, wakilia tangu kwenye maegesho.

Mama alinivuta jikoni. "Wakijua ni mwimbaji, siku tutakayofiwa kweli hakuna atakayekanyaga hapa. Funga mdomo."

Nje, Mama Furaha alikuwa akimuuliza Baba, "Donc, ni nani alikufa?" Hapo hapo jirani yetu, mzee wa Kizungu ambaye salamu yake ilikuwa kuinua kidole kimoja, akavuka nyasi akiufuata wimbo, kofia mkononi, macho mekundu. Akamshika Baba bega, akaangua kilio.

"Njo huyu mwenye kufiwa," Mama Furaha akaamua.

Wakamkalisha kiti cha mbele, wakamfuta machozi kwa kitenge, wakamwekea fufu, ugali wetu wa muhogo. "Pole, papa. Pole." Mzee akala kwa mkono bila kuuliza.

Mimi na mdomo wangu tukashindwa. Nikamnong'oneza Mama Furaha, "Ni mwimbaji tu."

"Nimesikia redio, mimi si kiziwi." Kisha akaendelea kulia, akiita majina nisiyoyajua: Espérance, Bosco, tena Espérance.

"Hao ni akina nani?"

"Mutoto, viti iko tayari. Acha nilie."

Nilimwona mnafiki. Babu alipofariki Uvira, kule Kongo, mwaka uliofuata, yeye alikuwa wa kwanza kufika kwetu, lakini hata hapo sikuelewa. Nilielewa nilipoanza kufanya kazi ghalani nikiwa chuoni. Simu ya msiba huja katikati ya zamu. Unasikiliza, unavaa glavu, unarudi kufunga masanduku. Siku ile ya viti hatukuwa tumemdanganya mtu. Mama Furaha alikuwa na vilio vyake vilivyochelewa, vya Espérance na Bosco, na Baba, bila kujua, alikuwa amempa mahali pa kuketi.