Siku Mshale Alipolipigisha Kanisa Magoti

Asifiwe Mungu aliyeumba vyote vinavyokimbia na vyote vinavyochechemea, akatupa na sisi wazee magoti ambayo bado yanakunjika, hata kama kukunjuka kwake kunahitaji ukuta wa kushikilia. Namshukuru mapema kabisa kwa sababu nikianza na yaliyonipata mtacheka, na mkishaanza kucheka hamtanisikiliza tena. Maana sitaficha, niliaibika. Mimi katekista, mtu ambaye watoto wa parokia yetu hapa Luzira wakimwona tu wanachomekea mashati, niliburutwa na mbwa katikati ya kanisa, Misa ya Kiswahili imejaa hadi mlangoni, nikiwa na kiatu kimoja.

Mbwa mwenyewe anaitwa Mshale. Aliletwa na mkwe wangu Okello, askari aliyemwoa binti yetu Faida, mtu wa kaskazini ambaye kwao mbwa wa kuwinda ni kitu cha heshima. Alimleta akiwa mdogo wa kukaa kwenye kofia, akasema, "Baba, umlee, akikua tutaenda naye nyumbani kuwinda ndezi." Nikafurahi kupita kiasi, kwa sababu baba yangu huko Kongo alikuwa mwindaji, na mbwa wake walikuwa wa namna hiyohiyo, mbwa wasiobweka, ambao usipowafunga kengele shingoni wanapotelea porini hujui wameelekea wapi. Basi na mimi nikaenda madukani Nakivubo kumtafutia Mshale kengele. Ya mti kama ya baba sikuipata, nikachukua ya chuma, ndogo, yenye sauti nyembamba tamu. Niligonga nyingi pale dukani nikazisikiliza moja moja mpaka mwenye duka akachoka na mimi, na hii ilipolia moyo wangu ukatulia kabisa, nikasema ndiyo hii. (Sikujiuliza kwa nini sauti ile niliizoea hivyo. Ningejiuliza, nisingekuwa na cha kuwasimulia leo.)

Mshale alikua vizuri, mwembamba, masikio wima, kengele inalia kutwa nzima uani, kuku wa majirani hawana amani. Halafu, bado hajatimiza hata mwaka, akaanza kurukaruka kama sungura, miguu ya nyuma anaipeleka yote miwili kwa pamoja. Tukacheka tukidhani ni utundu. Kumbe ni maumivu. Mwisho akawa hainuki, analala nyuma ya magunia ya makaa, na kengele ikanyamaza. Mke wangu, Mama Faida, ambaye alikuwa akinung'unika kila siku kwamba kengele inampasua kichwa, ndiye aliyesema, "Nyumba imekuwa kimya mno, Baba Faida. Mpeleke kwa daktari."

Nikampakata kwenye boda, mimi na yeye na dereva, tukaenda kwa Daktari Namuli, binti mmoja mpole anayetibu wanyama, asiyependa kuzungusha maneno. Alimpiga picha ya mifupa, akanionyesha. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachotakiwa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga, na cha Mshale kilikuwa kinaelea nje nje kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kiti, mguu wa kushoto ukiwa mbaya zaidi. Akasema njia ni tatu. Ya kwanza, dawa za maumivu na mapumziko maisha yake yote. Ya pili, kumpasua, akikate kile kichwa cha mfupa na kukiondoa, halafu nyama za paja zenyewe ndizo zishikilie mguu. Ya tatu aliisema huku akimkuna Mshale sikio, kwamba ipo sindano, na haiumi.

Nikamwambia ampasue, tumalize. Akatikisa kichwa.

"Mzee, kupasua naweza," akasema. "Lakini baada ya hapo ni lazima atembee, hata kama inauma, nyama zipate nguvu. Mbwa aliyekata tamaa atalala tu, mguu ukauke, na nitakuwa nimemtesa bure. Huyu wako simwoni akitaka kuinuka. Mwangalie Jumamosi na Jumapili, uniletee jibu Jumatatu."

Jumamosi nikamwangalia. Nilimwekea nyama mbali kidogo, akaitazama kama mtu anayetazama basi lililokwisha kuondoka. Daktari alikuwa amenifundisha kumpitishia kitambaa chini ya tumbo na kumnyanyua nyuma ili atembee na miguu ya mbele, nikamnyanyua, akaning'inia kama nguo kwenye kamba. Jioni Okello akaja, akachuchumaa mbele yake kwa muda mrefu, kisha akasema bila kunitazama, "Baba, kwetu hatumwachi mwindaji alale hivi. Tumpumzishe." Nami nilijua si ukatili, kwa sababu aliposema hivyo alikuwa anazungusha kofia yake mikononi kama mtoto aliyevunja kitu.

Sasa hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikiwa nimelala nikakumbuka kwamba Padri wetu, Misa ikiisha, hubariki kila kinacholetwa, rozari, maji, mbegu, pikipiki za boda, hata mtungi wa gesi nimewahi kuuona ukibarikiwa. Nikasema, na Mshale je? Nitampeleka kesho, nitakaa naye benchi la mwisho, kwenye lile tenga kubwa la sokoni, atalala kama anavyolala siku zote, na Misa ikiisha tutapenya hadi sakristia. Ni mbwa asiyebweka na asiyetembea. Atamsumbua nani?

Mama Faida ni mwanakwaya, hutangulia mapema, kwa hiyo hakuniona nikimtoa Mshale nyuma ya magunia. Nilihitaji kitambaa cha kumnyanyulia, nikachukua kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kitenge chake cha Pasaka (nakiri hapa mbele yenu, kwake nimekwisha kukiri mara nyingi). Nikakipitisha chini ya tumbo la Mshale, nikazifunga ncha zake kwenye kifundo cha mkono wangu, barabara, nisije nikamwangusha. Kengele? Nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Kitu kilichonyamaza kwa siku nyingi unaacha kukihesabu.

Misa ikaanza, tenga liko miguuni pangu, nimelifunika kanga, ncha za kitenge bado ziko mkononi mwangu, mambo yote shwari. Padri akafika kwenye mahubiri, siku hiyo alizungumzia uvumilivu, na alikuwa anazungumza vizuri kweli. Ndipo Mshale akajikuna shingo.

Sauti ikatoka, nyembamba, tamu, ile ile niliyoichagua kwa sikio langu mwenyewe. Na nawaambieni, ilikuwa haina tofauti yoyote na kengele ya altareni inayolia wakati wa mageuzo, ambapo kila mtu hupiga magoti. Wazee wa nyuma wakapiga magoti. Wale wa katikati wakasikia benchi zinalia nyuma yao, wakapiga magoti. Safu ya askari na wake zao, Okello akiwa miongoni mwao, ikashuka chini mara moja, kama watu waliopewa amri. Na aliyekuwa wa kwanza kabisa kushuka katika kanisa zima ni mimi. Nilipiga magoti kwa ajili ya kengele ya mbwa wangu, nikainamisha kichwa, nikaanza kusali kwa uchaji, na nilikuwa katikati ya sala ndipo nilipogundua kwamba inalia kutoka kwenye tenga langu.

Padri alikatiza mahubiri, akatutazama. Watumishi wa altare wakatazama kengele yao, kisha wakatazamana. Mwisho Padri akasema taratibu, "Waamini wangu, bado. Kaeni."

Tukakaa. Watu wakikohoa, wengine wakiwatupia macho watumishi wale maskini, na mimi, Mungu anisamehe, nikawatupia macho pia. Ningetoka wakati ule mambo yangeishia hapo. Lakini kutoka kungemfanya kila mtu aniangalie, nikaona heri nibaki nimeshika kengele kwa vidole chini ya kanga, nikihesabu dakika za Misa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Ukafika wakati wa matoleo. Mnajua Misa yetu ilivyo, matoleo hayapelekwi kwa kutembea, yanachezwa. Ngoma zikaanza, kina mama wakapita na ndizi, na mihogo, na sabuni, na mwisho wa mstari akaja Mama Bahati, jirani yangu, mwanamke mnene mwenye furaha, amempakata jogoo mwekundu kifuani kama mtoto mchanga. Alipofika kwenye benchi letu jogoo akapiga mabawa, lakini yeye akaendelea kucheza kuelekea altareni.

Tenga likainuka, kanga ikaondoka. Nikaona masikio mawili wima, ambayo sikuwa nimeyaona wima kwa muda mrefu, na kabla sijasema neno Mshale alikuwa njiani na mkono wangu alikuwa nao yeye.

Ningependa kusema nilikimbia. Sikukimbia, nilipelekwa. Kiatu cha kulia kilibaki kwenye benchi. Kengele ikawa inalia bila kukoma, na waamini, waliokwisha kuambiwa bado wakaketi, sasa wakaona bila shaka hii ndiyo yenyewe, wakapiga magoti wote, kwaya, ngoma, kina mama na ndizi zao, na njia ya katikati ikabaki nyeupe kama barabara wakati mkubwa anapita. Hakuna hata mmoja aliyesimama wa kutuzuia. Kanisa zima lilikuwa limepiga magoti, na aliyekuwa kwa miguu ni mimi peke yangu, mkono mmoja mbele, kitenge cha Pasaka kimenyooka kama kamba ya mashua, nikisema kwa sauti ya chini, "Mshale, tafadhali. Mshale, tafadhali."

Mama Bahati, aliyekuwa amekwisha kufika mbele, alipogeuka na kutuona, akamwachia jogoo. Jogoo akaruka hadi kwenye ngazi za altare. Mshale akamfuata, akamdaka, na mimi nikafika nyuma yake kwa magoti, kwa hiyo mwisho wa yote hata mimi nilipiga magoti kama wengine.

Halafu akafanya jambo ambalo nilikuwa sijaliona tangu mbwa wa baba yangu. Aligeuka, akaja pole pole, nyuma ikiyumba, mguu wa kushoto ukitetemeka, akaniwekea jogoo mapajani, mzima, bila tone la damu, amepungukiwa manyoya ya mkia tu. Kisha nyonga zikamwishia nguvu, akakaa upande, akanitazama akihema kwa furaha.

Padri akashuka ngazi moja.

"Katekista," akasema, "si ndiwe unayewafundisha watoto hawa kutulia kanisani?"

Hapo watoto wa mafundisho walioketi mbele wakashindwa kujizuia, na walipocheka wao, akacheka Padri, na alipocheka Padri kanisa likabomoka. Mama Faida peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa anakiangalia kitenge.

Aliyekuja kunifungua mkono ni Okello, katika sare yake. Alimbeba Mshale kifuani, akaninong'oneza, "Baba, nisamehe jana. Huyu bado anawinda." Nikajifanya natafuta kiatu.

Misa ilipoisha Padri alimbariki Mshale nje, hadharani, kwani siri gani ilikuwa imebaki? Maji yakamgusa, akajitikisa, kengele ikalia, na bibi mmoja aliyekuwa akipita akaanza kukunja goti, akajizuia, akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Jumatatu nikamsimulia Daktari Namuli yote. Aliweka kalamu chini, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akaniuliza swali moja tu. "Aliburuta mtu mzima, urefu wa kanisa zima?"

"Mtu mzima," nikasema, "pamoja na heshima yake."

"Basi huyo anataka kutembea. Nitampasua."

Akampasua. Gharama sitaitaja, maana Mama Faida naye husoma. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, Mshale akilia usiku na mimi nikilia naye, lakini kila asubuhi nilimwonyesha unyoya mmoja mwekundu niliouokota kwenye ngazi za altare, na akainuka. Sasa tunapanda kilima cha mtaani kwetu pamoja kila siku, yeye akichechemea kidogo kwa mguu wa kushoto, mimi nikichechemea kidogo kwa yote miwili, kengele inalia na majirani wanajua wazee wawili wanapita. Ndezi huko kaskazini wajiandae. Jogoo yeye alihurumiwa, anaishi nyumba ya mapadri bila mkia, na watoto wa mafundisho wamempa jina. Wanamwita Katekista.

Nimeapa kwamba sitaingia tena kanisani kabla ya kukagua kila shingo ninayoingia nayo, na kwamba kitenge cha mtu kitaombwa kwanza. Na wewe uliyevumilia hadi hapa, Mungu akutunzie nyonga zako na magoti yako, akupe kitu cha kukuinua siku utakapokuwa umelala nyuma ya magunia, na siku utakapoburutwa mbele ya watu, wakucheke watu wanaokupenda. Amina.