Mlango wa Mbele

Kina mama wa kule juu ya Rongai walikuwa wakijifungulia njiani. Hospitali iko mbali, barabara ni mashimo matupu, na bodaboda si kitanda. Jepchumba, mkunga mstaafu asiyejua kubembeleza mtu, alikuwa amepokea watoto mitaroni na hata kando ya kibanda cha maziwa. Alichoka, akakasirika. Alitaka kliniki, na kila alipofungua dirisha lake asubuhi aliliona jumba zima limekaa bure.

Jumba lilijengwa na mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Kiboko, na hawakumsingizia. Alipoondoka walichanga wakanunua shamba lote, wakagawana, ila jumba wakawaachia popo. Walikuwa na sababu. Chepngeno, mamake Jepchumba, alikuwa yaya humo. Siku moja, akiwa mjamzito, alivunja sahani. Kiboko akamfungia stoo, uchungu ukamshikia humo humo, peke yake. Mtoto huyo, kifungua mimba wake, hakuishi. Tangu hapo watu waliapa kwamba upepo ukivuma, kichanga hulia ndani.

Sasa kikundi cha wenye shamba, watoto na wajukuu wa wafanyakazi wale, kilikuwa kimepata mtu wa kulibomoa achukue mawe na mbao. Jumamosi ile wanachama walikutana pale pale uani kupitisha uamuzi, na Jepchumba akawahi mapema, uso umekunjamana.

"Gogo, hiyo nyumba imeisha," alisema Kipkemei, mwenyekiti, akimwita bibi kwa Kikalenjin. "Tumejaribu kuingia mara mingi. Paa imeanguka, floor imeoza. Mtu atavunjika mguu bure."

"Mlipitia wapi?"

"Si jikoni? Kwani kuna mahali pengine?"

Jepchumba akamkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Zamani mfanyakazi aliyekanyaga veranda ya Kiboko alichapwa viboko, kwa hiyo wazee walizungukia jikoni, wakawafunza watoto wao kuzungukia jikoni, na hawa vijana wa simu za kisasa bado walikuwa wakizunguka tu. Hata yeye mwenyewe, na ukali wake wote! Hapo kicheko kikamwisha, hasira ikampanda. Akageuka, akashika ngazi za mbele.

"Gogo, usipitie hapo!" mtu akapaza sauti, kisha akajiziba mdomo kwa aibu.

Alishika kitasa, akasukuma kwa bega. Mlango ukagoma kidogo, ukalia, ukafunguka. Haukuwa umefungwa. Miaka yote hiyo ulikuwa ukingoja mtu ausukume.

Ndani palinuka popo na vumbi, lakini sakafu ilikuwa imara na dari haikuwa na tundu. Ni jikoni tu palipobomoka. Kisha akasikia kilio, chembamba, cha mtoto mchanga. Alitamani kukimbia, lakini miguu yake ilikifuata kilio hadi stoo, na pale akaona kidirisha kikichezeshwa na upepo kwenye bawaba yake yenye kutu. Alikishika kwa mkono, kilio kikakoma.

Akalia yeye sasa, bila kujificha. "Mama," alisema, "nimeingia kwa mlango wa mbele."

Akapangusa uso kwa leso, akaanza kufungua madirisha, moja baada ya jingine. Waliokuwa uani waliyaona yakifunguka upande hadi upande, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hajatoka. Kipkemei alipanda ngazi kwa kusitasita, akavua kofia.

"Vaa kofia yako," Jepchumba akamwambia. "Hii ni yetu."

Kura ilipopigwa, hakuna mkono hata mmoja ulioinuka kutaka jumba libomolewe.

Stoo ilitobolewa dirisha kubwa, ikapakwa rangi nyeupe, ikawa chumba cha kujifungulia. Jepchumba aliukataa ustaafu wake na kuvaa aproni tena. Mzazi wa kwanza alikuwa Joyline, mke wa jirani, na majirani walikuja kumngojea pale mbele, wamekaa verandani kote na chupa zao za chai. Jua lilipokuwa likizama wakasikia kichanga kikilia ndani ya jumba, na hakuna aliyekimbia.