Picha ya Mke wa Jirani kwenye Nguzo

Kwetu Nairobi, karatasi kwenye nguzo ya stima ni ya mganga anayerudisha wapenzi. Hapa Smithfield, ughaibuni, ni ya paka aliyepotea. Kwa hiyo nilipomwona mzee Mserbia wa nyumba ya ng'ambo ya barabara akibandika picha ya mama aliyejifunga kitambaa kichwani, yenye maandishi nisiyoyajua hata herufi moja, nilielewa upesi: mkewe amepotea. Mimi ni nesi wa wazee. Nimeshawatafuta wengi.

Tena huyu nilikuwa nimemwona! Juzi, stesheni ya Lidcombe, amekaa kwenye benchi, kitambaa kile kile. Nilivuka barabara mbio na yunifomu yangu, nikabisha.

“Mzee, mkeo nimemwona! Ni mzima, yuko Lidcombe.”

Hakufurahi, wala hakukasirika, nami nikachanganyikiwa. Alinikaribisha jikoni, akaniwekea kijiko cha jemu na glasi ya maji, ndivyo kwao mgeni anavyopokewa, kisha akanieleza kwa Kiingereza chake cha kiwandani kwamba mkewe walishamzika. Karatasi ile ilikuwa tangazo la kifo. Katika mji wao mdogo huko Serbia hubandikwa kwenye miti, stendi ya basi na mlango wa duka la mikate. Siku ya soko wakulima wa vijiji vyote vya wilaya huzisoma, na jioni hata watu wa milimani wanajua nani hayupo. Siku ya arobaini nyumba hujaa.

“Arobaini yake ni Jumamosi,” alisema. “Nimebandika mtaa mzima. Umekuja wewe tu.”

Nilitamani ardhi inimeze. Nani humfufulia mtu marehemu wake mlangoni? Niliomba radhi kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Na bado kichwa kilikataa kutulia: kama mkewe yuko kaburini, yule wa stesheni ni nani? Nikamwahidi kwamba Jumamosi nitakuja, hata na wenzangu wa kanisani, nikainuka kwenda.

Alinisindikiza, akashika kitasa, lakini hakufungua.

“Huyo wa Lidcombe,” aliuliza, “alikuwa amevaa koti?”

Sikukumbuka koti lolote.

“Ndiyo,” nikasema. “Zito, la kijivu.”

“Vizuri,” akasema, akanifungulia mlango. “Huwa anasikia baridi sana.”