Pipa la Baba na Wageni wa Mbeya

Baridi ya Julai ikinikamata hapa Mbeya, ninachokitamani kutoka nyumbani Iringa si ugali wala blanketi, ni moshi wa mpera. Baba alikuwa na pipa uani kwetu Mlandege, alilikata na kulichomea mwenyewe: chini mkaa na vipande vya mpera, katikati karai la maji, juu wavu wa nyama, halafu kifuniko ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Maji yale yalituliza moto, nyama ikaiva polepole bila kukauka. Polepole kweli. Mimi sikuumbiwa subira, na nusu ya utoto wangu niliimaliza nikilitazama pipa lile kwa hasira.

Baba alifanya kazi kiwanda cha maziwa, na huko alijifunza kuamini kipimajoto kuliko macho. Kisu cha nyama mbichi hakikugusa iliyoiva. Nyama haikukaa juani ikisubiri moto. Na nguruwe hakutoka kwenye pipa mpaka kipimajoto, kikichomekwa katikati ya mnofu, kisome sabini na tano. Majirani walisema mzee anaipima nyama homa. Alicheka nao, lakini kifuniko hakufunua.

Hawakumtania sana, maana walijua sababu. Mama alikuwa na kifafa. Daktari alituambia kilitokana na tegu wa nguruwe: nyama isiyoiva humpa mtu mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo huyo, kwa mikono michafu, huweza kufika hadi kwenye ubongo. Baba ndiye aliyekuwa akituchomea nguruwe wa sikukuu juujuu, ndani bado mwekundu. Hakujisamehe. Wiki ileile alikwenda kutafuta pipa.

Nilipochumbiwa, washenga walikuja kutoka Mbeya. Watu wetu mnawajua, kabla ya mahari wanachunguza uchawi, wizi na kifafa. Basi shangazi zangu walimweka mama chumbani tangu asubuhi, eti apumzike, wakarudisha mlango. Nami nilinyamaza. Nilimpenda yule kijana, nikaogopa kumkosa. Ukimya ule unaniuma mpaka leo.

Wageni walifika na njaa, nyama bado. Saa nane baba alisoma kipimajoto, sitini na tatu. Akaongeza maji ya moto kwenye karai, akarudi kuketi. Shangazi alimsihi aitoe hivyohivyo, ni aibu kuwaweka wakwe na njaa. Baba akakataa.

Mwenye njaa hana miiko. Mshenga wao mkubwa alikohoa, akasema kwa heshima zote kwamba wamesikia nyumba hii ina ugonjwa wa kuanguka, na ugonjwa huo, wajuavyo wao, hutembea na damu. Nikajua yamekwisha. Nilitazama viatu vyangu vipya nikajiona mjinga.

Baba aliinuka. Aliingia ndani, akatoka amemshika mama mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya wageni wote.

"Huu hautembei na damu," alisema. "Ulitembea na nyama yangu. Ndiyo maana leo mnasubiri."

Kisha akawaeleza yote, tegu, mayai, mikono, na pipa, kwa sauti ileile aliyotumia kunisomesha hesabu. Shangazi zangu waliinamisha vichwa. Kipimajoto kilipofika sabini na tano alifunua, moshi ukajaa uani, na sahani ya kwanza akampa mama. Mama alikula bila haraka. Wageni nao walikula, macho kwenye sahani zao, na hilo nilihesabu kuwa jibu.

Kulikuwa na shangazi wa mchumba wangu, mama mmoja mnene ambaye tangu salamu hakuwa amefungua kinywa. Alinawa mikono, akabeba kigoda chake na kukiweka karibu kabisa na mama. Nikasogea, nikidhani anakuja kumtukana. Alimuuliza kwa sauti ya chini anatumia dawa gani, na anazipata wapi.

"Hata sisi tunaye mmoja, ni binti yangu," alisema. "Wageni wakija tunamfungia."

"Dawa nitakwambia," mama alimjibu. "Kwanza mtoe ndani."